Maji Yaliyopanda Yenyewe

Ukiingia kwenye chumba cha boila, usiutazame moto. Moto utakuvuta macho, ndiyo kazi yake. Wewe tafuta maji: yako wapi, yanatoka wapi, yanakwenda wapi. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa nikiwa na miaka kumi na tisa, na ndilo nililolisahau nikiwa na miaka sitini na minane.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kanisani Minto, hapa Sydney, mliotuomba sisi wastaafu tueleze tulikuwa tukifanya kazi gani. Najua wengine mtasomewa na mama zenu, kisha mtauliza maswali kwa Kiingereza. Ulizeni tu. Boila haijali lugha.

Nimeendesha boila miaka arobaini na mitatu. Kumi na saba nilikuwa katika kiwanda cha chai Mufindi, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Iliyobaki nilikuwa hapa Smithfield, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Lakini boila ninayotaka muijue ni ndogo kuliko zote nilizowahi kuzishika. Ilisimama nje, ndani ya kibanda cha mabati, huko Minto Heights, na kazi yake ilikuwa kupasha joto nyumba moja katika mwaka wa pili wa korona, wakati tulipokuwa tumefungiwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ya zamani, katikati ya shamba la ekari tano. Mwenye shamba alikuwa Mmalta mwenye miaka zaidi ya themanini, Mzee Karmenu. Alilima pale matango na nyanya ndani ya banda kubwa la vioo, na boila aliiweka kwa ajili ya matango hayo, kuyakinga na baridi. Alipochoka alihamia Seven Hills kwa binti yake, akawapangisha nyumba Ferdinand na mkewe Janine, Warundi waliokulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Janine alikuwa akihudumia wazee. Ferdinand alifanya kazi kwenye ghala Smithfield, na kabla sijastaafu alikuwa akinipa lifti asubuhi. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Katikati ya baridi ya mwaka ule Janine alijifungua pacha kabla ya wakati wao, msichana na mvulana. Wakawaita Bukuru na Butoyi, kama Warundi wanavyowaita pacha. Hospitali ilikuwa inamruhusu mzazi mmoja tu kuingia, kwa sababu ya ugonjwa, na huyo mmoja akawa mama. Ferdinand aliwaona wanawe kwenye simu. Wiki tano aliwaona kwenye simu. Nesi aliwaambia kwamba uzito ukifika, watoto wanaweza kuja nyumbani, ila kwanza anataka kuona daftari la siku tatu: joto la chumba kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, lisishuke chini ya nyuzi ishirini. Minto Heights usiku wa baridi kipimajoto cha nje huonyesha nyuzi mbili au tatu. Na umeme wa nyumba ile ulikuwa mzee kama mwenye nyumba. Ukiwasha hita mbili na birika, swichi kubwa inajikata.

Ndipo Ferdinand akanipigia.

"Mzee, shikamoo. Wewe si mtu wa boila?"

"Marahaba. Nilikuwa."

"Hapa nyuma kuna dude la chuma. Mwenye nyumba anasema lilikuwa likipasha matango. Kama liliweza matango, litashindwa na watoto?"

Sheria ya siku zile ilimruhusu mtu anayeishi peke yake kuchagua nyumba moja ya kutembelea, isiyo mbali. Mke wangu alikuwa ametangulia miaka minne kabla. Nikachagua ile. Nilijiwekea sheria yangu pia: nitafanya kazi nje, barakoa usoni, na ndani sitaingia, maana mapafu ya watoto wale yalikuwa bado hayajakomaa.

Sasa niwaeleze dude lenyewe. Ni sanduku la chuma ndani ya sanduku la chuma. La ndani ni chumba cha moto, chenye mlango mbele wa kuingizia magogo na kijimlango chini cha kuingizia hewa. Kati ya sanduku la ndani na la nje mna maji, kiasi cha mapipa manne. Moto unayapasha maji, maji yanakwenda kwa bomba mpaka pale panapotakiwa joto, yanaliacha joto hapo, yanarudi. Hakuna zaidi. Wala hayachemki, yakifika nyuzi sabini au themanini yanatosha. Juu panatoka bomba la moshi, na kando yake bomba jingine jembamba, refu, lililo wazi kwenye ncha. Hilo naliita bomba la pumzi. Likumbukeni.

Jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa boila, zilikuwa kuni. Mufindi tulichoma milingoti, yaani mikaratusi. Miaka kumi na saba nilikuwa nikilisha boila milingoti, nikaamini kwamba ni mti wa kwetu, kama chai ilivyo ya kwetu. Nilipofika Sydney mara ya kwanza, ndege ilipokuwa inashuka, niliona misitu ya rangi ya kijivu na kijani isiyo na mwisho. Nilipoikaribia kwa miguu nikaishika. Milingoti. Ya kila namna, mamia ya namna, mirefu, mifupi, yenye magome meupe, yenye magome meusi yaliyopasuka kama ardhi ya kiangazi. Kumbe mti nilioudhani wa kwetu ulitoka huku. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na ukoo mzima wa rafiki aliyemdhani hana ndugu.

Mzee Karmenu alikuwa ameacha rundo la ule mti ambao watu wa hapa wanausifia kwa gome gumu kama chuma. Ulikuwa umepangwa chini ya paa kwa miaka, na ndivyo inavyotakiwa. Kuni mbichi haikupi joto, inakupa maji yake yenyewe, na moshi wake unaganda kama lami ndani ya bomba la moshi hadi siku linapowaka. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Kikavu kinalia kama sahani, kibichi kinalia kama kitabu. Kama bado una shaka, paka sabuni yenye maji kwenye ncha moja ya kijiti, kisha puliza kwa mdomo ncha ya pili. Kikiwa kikavu, povu litatoka upande wa pili, kwa sababu mti una vijibomba kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwonyesha Ferdinand. Alipuliza, povu likatoka, akakitazama kile kipande kwa muda, akapuliza tena. Mtu wa miaka thelathini na sita. Alipuliza vipande saba.

Siku ya pili alileta nguzo za uzio zilizotupwa mahali, zina rangi ya kijanikijani. Nilizirudisha kwenye gari lake kwa mikono yangu. Mbao ya rangi ile imelowekwa dawa ya kuzuia mchwa, na ukiichoma sumu inabaki kwenye majivu na nyingine inakwenda na moshi. Akaniambia kambini walichoma kila kitu, hata viatu. Nikamwambia najua, lakini kambini hukuwa unamngoja Butoyi.

Mtaro wa kupitishia mabomba kutoka kwenye boila hadi nyumbani tuliuchimba siku tatu. Ardhi ya pale ina udongo kiganja kimoja, kisha jiwe la mchanga. Mtaimbo ulikuwa unarudi mikononi kama unakataa. Nyumba ilikuwa chini ya boila kidogo, kwenye mteremko, na maji ya moto hayapendi kushuka, hivyo ilibidi yasukumwe kwa pampu ndogo ya umeme. Fundi bomba mwenye leseni alikuja kuunganisha, fundi umeme akaja kufunga pampu, kila mmoja kwa zamu yake, na mimi nikiwa mbali. Kazi ya mwenye leseni mwachieni mwenye leseni. Kwenye stoo ya Mzee Karmenu mlikuwa na rejeta nne za chuma kizito, za kupashia vyumba joto, zenye mbavu, alizookota zamani shule moja ilipobomolewa. Tukazisafisha, fundi akazifunga: mbili chumba cha watoto, moja sebuleni, moja jikoni.

Mzee Karmenu alitusimamia kwa simu ya video kutoka Seven Hills. Binti yake alimshikia simu. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Aliniambia nianze na moto mdogo, nisitoe majivu yote, niache unene wa vidole vinne ili makaa yalale salama. Aliniambia nisilifungue lango la moto kwa pupa: kwanza kijimlango cha hewa kifungwe, ufungue lango kidole kimoja, usubiri, ndipo ufungue lote, la sivyo moto unatoka kukusalimia. Aliniambia mengi. Kuhusu bomba la pumzi hakuniambia kitu, kama vile usivyoweza kumwambia mgeni asimzibe mwenyeji pua.

Tuliwasha asubuhi. Mimi nje, Ferdinand ndani amegusa rejeta, tunazungumza kupitia dirisha lililofungwa. Dakika arobaini hakuna kitu. Kisha akapandisha mkono.

"Mzee, inaamka."

Mimi nilikuwa nimekaa miaka mingi na boila za kutisha, zenye mvuke wa kuendesha kiwanda kizima. Sijui kwa nini neno lile lilinishika. Gogo lililala kwenye kibanda, na ndani ya chumba, hatua ishirini na tano kutoka pale, kuna chuma kilichoanza kuwa na uhai. Hakuna moshi ndani, hakuna mwali, hakuna harufu. Mti uliosimama miaka mia moja kwenye jua ulikuwa unaliachilia jua lile kwenye chumba cha watoto. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo umri wangu wote na sikuwa nimeitazama.

Jioni chumba kilifika nyuzi ishirini na mbili. Tukaanza daftari.

Sasa nirudi Mufindi kidogo, maana kosa langu lilizaliwa kule. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sanga, Mkinga mfupi mwenye kofia ya sufu iliyokuwa ya kijani zamani. Boila za mvuke ni kitu kingine kabisa na hii ninayoisema. Zimefungwa kila upande, zina nguvu iliyobanwa, na mvuke ukitoroka mahali ni hasara na ni hatari. Mzee Sanga alitupitisha kila asubuhi kando ya mabomba tukiwa tumeshika ufagio mbele yetu. Alituambia kwamba kile cheupe mnachokiona kwenye birika si mvuke, ni mvuke uliokwisha kufa na kurudi kuwa maji. Mvuke wenyewe hauonekani. Ukitoka kwenye tundu dogo kwa nguvu unaweza kukukata mkono na usione kilichokukata. Kwa hiyo unatanguliza ufagio, na zile nyasi zikikatika, umelipata tundu. Na ukiliona tundu likitoa moshi mweupe kwenye zamu yako, hiyo ni aibu. Unaliziba kabla Mzee Sanga hajaamka. Mimi nililiziba moja kwa kitambaa na waya, akaja, akaangalia, akasema kwa upole kwamba nimelifunga tundu bandeji, labda na kesho nilipeleke kliniki. Kicheko cha wenzangu bado nakisikia.

Miaka arobaini na mitatu ya aibu hiyo haitoki mwilini. Smithfield pia nilikuwa hivyo hivyo. Kina mama wa kupiga pasi walinitania kwamba nikiona chai yao inatoa mvuke nitaiwekea kifuniko.

Asubuhi ya siku ya pili ya daftari kulikuwa na barafu nyembamba juu ya nyasi. Nilipofika niliona kule juu, kwenye ncha ya bomba la pumzi, moshi mweupe unatoka taratibu na kupotea hewani. Mzuri, kama pumzi ya ng'ombe. Nikaona aibu. Sikufikiri. Mikono ilifikiri kwa niaba yangu. Nilipanda ngazi, nikatafuta kwenye kisanduku changu kizibo cha shaba chenye ukubwa ule, nikakizungusha kwa spana hadi kikashika. Nikashuka, nikatazama juu. Hakuna tena kilichopotea. Niliridhika sana. Hata niliandika kwenye daftari: saa mbili asubuhi, nimeziba palipokuwa pakivuja.

Saa tisa alasiri Ferdinand aliwasha birika akiwa amesahau kwamba amechomeka na hita ya bafuni. Swichi ikajikata, na pampu nayo ikasimama. Yeye alikuwa ameshatoka nje na simu mkononi, anamwonyesha Mzee Karmenu rejeta kupitia dirisha, wala hakujua. Mimi nilikuwa nimetia magogo matatu makubwa muda si mrefu. Moto ulikuwa mkali, maji hayana pa kwenda, na mlango pekee wa kutokea nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Nilisikia mlio mmoja. Tang. Kama mtu aliyepiga beseni kwa ngumi kutoka ndani. Nikatazama ubavu wa boila. Bati lake lilikuwa bapa asubuhi, sasa lilikuwa limetuna.

Kipimajoto kilisoma tisini na nane. Kwa mtu wa mvuke tisini na nane ni utani, na kwa sekunde kadhaa nilibaki ni mtu wa mvuke, nimetulia. Ferdinand alikuja na simu kuniuliza ule mlio ni wa nini. Mzee Karmenu kwenye skrini aliona kibanda, akaona kipimajoto na ubavu, kisha akaomba simu iinuliwe juu. Juu zaidi.

"Kwa joto hilo ningepaswa kuona mvuke pale juu," alisema. "Nani amelifunga?"

"Mimi."

Hakunitukana. Alisema ile boila imetengenezwa kwa bati, si kwa ajili ya mvuke, na haikuwahi hata siku moja kubeba nguvu. Nisipande ngazi, kwa sababu kizibo kikitoka kitatoka na uso wangu. Nisitie maji baridi. Nisisimame mbele ya lango. Nifunge kijimlango cha hewa, kisha nifungue valvu mbili za banda la vioo. Yale mabomba makubwa ya matango bado yamejaa maji, alisema, hajawahi kuyamwaga, kwa sababu bomba lililojaa maji tulivu haliliwi na kutu, linaloliwa ni lile lenye unyevu na hewa. Na mwishoni kabisa, juu ya banda, kuna tangi dogo lisilo na mfuniko. Hapo ndipo pa kupumulia.

Nilimwambia Ferdinand aondoke. Hakuondoka.

"Mzee, watoto wangu hawajanishika. Niambie nifanye nini."

Alisema hivyo, kwamba watoto hawajamshika yeye. Nikamwambia basi asimame nyuma yangu, ubavuni, na anipe kipande cha ubao.

Nilifunga hewa. Valvu zilikuwa hazijaguswa miaka. Nyinyi vijana mkikutana na valvu iliyoshikana, mwili utawaambia mvute kwa nguvu zote kuifungua. Msiusikilize, mtavunja shina na mbaki na gurudumu mkononi. Unaikaza kwanza. Unaizungusha kidogo sana upande wa kufunga, ambako haiwezi kwenda, mpaka usikie kutu inakatika, kisha ndipo unairudisha. Na unaigonga tumboni kwa ubao, si kwa chuma, pole pole, kama unamwamsha mtu usiyetaka kumshtua. Nilikaza. Nikagonga. Nikairudisha. Mlio mwingine ukatoka kwenye ubavu, tang, na Ferdinand akaanza kuomba kwa Kirundi. Nikakaza tena. Ikalegea kwa unene wa ukucha, kisha robo, kisha nikaizungusha hadi mwisho.

Boila ilishusha pumzi. Sina namna nyingine ya kulisema. Ndani ya bomba kubwa ulipita mngurumo, na lile bati lililotuna likarudi ndani, si lote. Nikafungua valvu ya pili, ile ya maji kurudi.

Tulibaki tumesimama. Kipimajoto kilikaa pale pale, kisha kikaanza kushuka. Umeme haukuwepo. Pampu ilikuwa imekufa. Nilimuuliza Mzee Karmenu ni nini kinachoyapeleka maji.

"Nendeni mkaguse," alisema.

Banda la vioo lilikuwa juu ya boila, kimo cha mtu na nusu kwenye mteremko. Nusu ya vioo vilikuwa vimevunjika na majani makavu yamejaa. Mabomba meusi, manene kama paja, yalikwenda mbele yetu safu kwa safu, yakipanda kidogo kidogo, kwa jicho huwezi kuona. Niliweka mgongo wa mkono, maana kiganja kimekufa ganzi kwa kazi lakini mgongo wake haudanganyi. Bomba la kwanza lilikuwa la moto. Hatua kumi mbele lilikuwa vuguvugu. Hatua kumi na mbili, baridi kama kaburi. Tukangoja. Na pale palipokuwa baridi, chini ya mkono wangu, joto likafika.

Tulitembea nalo. Lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni mzee. Mabomba yaliyolala miaka yalikuwa yanatanuka na kulia moja baada ya jingine, tik, tik, na vumbi linaruka. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, ndiyo sababu yote. Mepesi yanapanda, mazito yanashuka kuchukua nafasi yao, na yakishashuka yanapata moto, nayo yanapanda. Nilijifunza hilo kwenye karatasi zamani, nikafanya mtihani, nikashinda. Lakini kutembea kando yake, hakuna mashine, hakuna mkono wa mtu, uzito wa mapipa na mapipa unapanda wenyewe kwa sababu tu umepashwa! Nilivua kofia. Ferdinand aliniona, naye akavua yake, bila kuniuliza.

Mzee Karmenu aliomba aonyeshwe. Ferdinand alipitisha simu juu ya mabomba, safu baada ya safu. Mzee hakusema neno la Kiingereza. Alisema mawili matatu ya Kimalta, tukamsikia binti yake akimwambia taratibu, baba, basi.

Chumba cha watoto kilikuwa kimeshuka hadi kumi na saba. Saa ya kuandika ilifika.

Ferdinand alisimama mlangoni, mimi uani, daftari kati yetu kwenye ngazi. Alikuwa amerudisha swichi, rejeta zilikuwa zimeanza kupata joto tena, na kufika jioni hakuna ambaye angejua. Aliniambia kwa sauti ya chini tuandike ishirini na moja. Alisema wiki tano, Mzee. Alisema hata nesi mwenyewe, kama angekuwa na moyo, angeandika ishirini na moja.

Sikuwa na haki ya kumhubiria, kosa lilikuwa langu. Nilichukua kalamu nikaandika nilichokiona: saa kumi alasiri, nyuzi kumi na saba, umeme ulikatika, mimi nilikuwa nimeziba bomba la pumzi kwa kutojua, boila imetuna ubavu, sasa ni salama. Nikatia jina langu. Kisha nikamwomba ampigie Janine, nikamweleza mwenyewe, kila kitu, hata neno la kizibo.

Janine alisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake nilisikia mashine za wodi.

"Ferdinand ameungua?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Na wewe?"

"Hapana."

"Basi daftari lianze upya. Nitamwambia nesi siku tatu tena. Na wewe Mzee, usiende nyumbani ukajilaumu, huko kuni nani atatia?"

Siku tatu nyingine wodini, kwa ajili ya kipande cha shaba. Ferdinand hakunisemesha jioni ile. Aliniletea chai kwenye ngazi, akaiweka, akarudi ndani. Sukari alitia, kama ninavyopenda. Hilo nalo niliona.

Boila ilipopoa nilipanda ngazi na kuling'oa lile kosa. Mzee Karmenu aliagiza valvu za banda zisifungwe tena kabisa, ziachwe wazi robo, ili umeme ukikatika maji yajue njia. Tuliupima ule ubavu kila siku kwa rula, haukuongezeka. Hata hivyo boila haikurudi kubeba magogo matatu kwa pamoja. Nilitia moja moja, mara nyingi. Nilikuwa mzee, sina pa kwenda, nchi imefungwa. Nilikaa kando yake na kiti cha plastiki, na kila asubuhi niliangalia kwanza juu, kwenye ncha ya bomba la pumzi, nikiona cheupe chake kikipotea hewani nikashukuru.

Wiki ile, kwenye banda la vioo, majani yakaanza kuota kando ya mabomba. Magugu mengi, na katikati yake miche sita ya nyanya. Hakuna aliyepanda. Mbegu zilikuwa pale chini miaka yote, zinangoja udongo uwe wa joto tu. Nilimpigia Mzee Karmenu nimwonyeshe. Akaniuliza nimezihesabu vizuri, nihesabu tena.

Siku tatu zikatimia. Daftari lilisoma ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na moja, kwa mwandiko wa watu wawili. Nesi alilitazama kwenye picha alizotumiwa, ukurasa wa kwanza na wa pili, wenye kosa na usio na kosa, akasema waje.

Walikuja mchana. Sikukaribia. Nilisimama kwenye kibanda nikaona gari linaingia, nikaona Janine anashuka na vikapu viwili, na Ferdinand ameganda kwenye kizingiti, mikono ameiinua mbele kabla hajapewa kitu. Mlango ukafungwa. Dirisha la chumba cha watoto linaelekea kibandani, lakini nje kulikuwa na baridi na ndani kuna joto, kioo chote kilikuwa kimetoa jasho na sikuona kitu. Nikaliangalia lile jasho la kioo. Kwa mtu wa kazi yangu lilikuwa linatosha.

Nikageuka kutafuta gogo. Nyuma yangu nikasikia kioo kinasuguliwa. Ferdinand alikuwa dirishani, anafuta tundu la kuchungulia ili anionyeshe. Alikuwa anafuta kwa kiwiko, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imejaa.